Kuzima mashine, morfini na kifo laini: tusichanganye mambo

Mabishano haya huanzia kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo na kuishia kwenye simu zetu. Mgonjwa ambaye saratani yake imeshasambaa anasema inatosha, hataki tena dawa zinazomlaza wiki nzima. Familia inamrudisha nyumbani. Ndugu mmoja anasema, "Mmemuua." Mwingine anasema Kanisa linaagiza matibabu yaendelee mpaka senti ya mwisho. Wa tatu anaogopa polisi. Wote watatu wamekosea, na gharama ya kosa hilo si ndogo: kuna shamba linalouzwa kwa ajili yake, na kuna mjane anayekaa miaka bila kukomunika akiamini kwamba alimuua mumewe.

Papa Pio XII aliulizwa jambo hili na madaktari wa usingizi, mashine za kupumulia zilipokuwa bado ngeni. Tarehe 24 Novemba 1957 alijibu kwamba mtu anawajibika kutunza uhai wake kwa njia za kawaida, yaani zile zisizomtwisha yeye au wengine mzigo wa kupita kiasi kulingana na mahali, wakati na hali. Njia zinazopita hapo hailazimu kuzitumia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha hivyo hivyo katika namba 2278. Anayekataa tiba nzito isiyolingana na faida yake hatafuti kifo. Anakubali kwamba hawezi kukizuia.

Kifo laini, au eutanasia, ni kitu kingine: ni kufanya tendo, au kuacha kwa makusudi jambo linalopaswa kufanyika, ili mgonjwa afe na mateso yake yaishe. Hapo huruma haibadilishi jina la tendo. Ndiyo maana swali la "aliacha au alitenda?" halitoshi. Kumnyima mgonjwa uji ili afe mapema ni kuacha, na ni kuua.

Mfano mzuri tunao kwa Mtakatifu Yohane Paulo II. Mwishoni mwa Machi 2005 alikuwa akilishwa kwa mrija wa puani, kwa kuwa chakula na maji ni matunzo anayostahili kila mgonjwa maadamu mwili unaweza kuvipokea. Maambukizi yalipomshika vikali siku chache baadaye, hakurudishwa hospitali ya Gemelli. Alibaki chumbani kwake, akafa tarehe 2 Aprili. Sijasikia mtu akisema kwamba aliuawa.

Morfini ndiyo inayoogopwa zaidi, na bila sababu. Watu husema, "Akishapewa hiyo, ameshakwisha." Ukweli ni kwamba dozi huanza ndogo na kupandishwa polepole kadiri maumivu yanavyodai, na mwili huizoea. Ikitolewa kwa utaratibu huo, mgonjwa analala usiku, anakula kidogo, anazungumza na wanawe. Uganda walilitambua hili mapema. Daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha huko Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia morfini ya maji: unga uliochanganywa, unaonywewa nyumbani kwa bei nafuu. Mwaka 2004 serikali iliruhusu hata wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Na pale ambapo dawa kweli ingeweza kufupisha siku za mgonjwa, Pio XII, tarehe 24 Februari 1957, alikubali itolewe ikiwa hakuna njia nyingine na kinachokusudiwa ni kupunguza maumivu, si kifo. Mafrateri watatambua hapa fundisho la tendo lenye matokeo mawili.

Sasa sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama ya Kenya, humhesabu anayeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa ndiye aliyekisababisha, hata kama ugonjwa ungemmaliza. Marehemu kuwa aliomba mwenyewe si utetezi. Lakini mtu mzima mwenye akili timamu kukataa upasuaji ni suala jingine, kwa sababu tiba hutolewa kwa ridhaa yake. Kama hana fahamu, familia iombe kikao na daktari na uamuzi uandikwe kwenye faili. Maneno ya kwenye korido ndiyo yanayozaa kesi na ugomvi wa ukoo.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba mahakama ikiruhusu, dhamiri nayo imeruhusiwa. Uholanzi na Ubelgiji zilihalalisha eutanasia mwaka 2002. Uingereza, mwaka 1993, majaji wa juu waliruhusu kuondolewa mrija wa chakula kwa kijana aliyeumia katika msongamano wa uwanja wa Hillsborough na kubaki bila fahamu kwa miaka. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa la Mafundisho ya Imani lilijibu maaskofu wa Marekani juu ya hali kama hiyo: chakula na maji, hata kwa mrija, kimsingi ni wajibu.

Limebaki jambo la paroko. Wengi huchelewa kumwita wakiogopa kwamba Mpako wa Wagonjwa ni tangazo la kifo. Sakramenti hiyo ni ya mtu anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee; ya wanaokufa ni Komunyo ya njiani, nayo humtaka mgonjwa awe bado anaweza kumeza.