Kompyuta Kongwe Inapojizima na Kujiwasha

Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotolewa mwaka 1982, ikiwashwa leo mjini Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, huenda ikajizima na kujiwasha mara kadhaa kabla ya kutulia. Aghalabu kasoro huwa katika adapta, ambayo hupunguza umeme wetu wa volti 240 hadi 9 na 5. Kapasita zilizokauka kwa uzee huiyumbisha volti, nayo mashine huanza upya. Kidhibiti volti kikiharibika, volti 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Hivyo basi, adapta ipimwe kwanza kwa mita; ikizidi volti 5.25, isichomekwe kamwe. Kuiwasha mashine tena na tena kwa matumaini ndiko kunakoiua.