Kisu kutokana na Tupa Kuukuu: Uhifadhi wa Ugumu wa Feleji pasipo Tanuri ya Mhunzi

Katika uhunzi, ugumu wa kisu hutokana na moto: feleji huwekwa motoni hadi iwe nyekundu, hufuliwa juu ya fuawe, hutiwa moto tena, kisha huzamishwa katika maji au mafuta. Fundi asiye na tanuri wala mifuo hutegemea ugumu uliokwisha kutiwa kiwandani katika kifaa kingine. Kazi yake ni kuondoa chuma kisichohitajika bila kuupoteza ugumu huo.

Tupa kuukuu ni mfano ulio wazi. Tupa nzuri ni ya feleji yenye kaboni ya takriban asilimia 1 au zaidi, na ugumu wake huzidi 60 katika kipimo cha Rockwell C. Hata hivyo, baadhi ya tupa za bei nafuu ni ngumu kwenye ngozi ya nje tu. Kwa hiyo husagwa kwanza kidogo pembeni, na tupa nyingine hupitishwa pale. Ikiuma badala ya kuteleza, kiini ni laini na hakitashika makali.

Ugumu unaoifaa tupa haukifai kisu, kwani bapa lake likianguka sakafuni huweza kukatika kama kigae. Tupa huwekwa katika oveni ya jikoni kwa nyuzi 200 hivi za Selsiasi kwa muda wa saa mbili, na joto hilo hupunguza ugumu kidogo na wepesi wa kuvunjika zaidi. (Mbishi angeweza kusema kwamba oveni nayo ni tanuri, lakini haifikii hata theluthi ya joto la mhunzi.) Meno husagwa yote, kwa sababu nyufa huanzia katika mikwaruzo yake. Mkia wa tupa kwa kawaida ni laini, hivyo hutobolewa kwa keekee ya kawaida ili kupachika mpini.

Hatari kubwa imo katika kusaga kwa grainda. Ukingo mwembamba hupata joto kwa sekunde chache, na rangi ndiyo dalili: manjano hafifu ni karibu na nyuzi 210, nayo buluu ni karibu na 300, ambapo ugumu umekwisha kushuka. Fundi makini husaga mikono mitupu, bila glavu, ili vidole vihisi joto mapema, na huchovya kisu majini kila baada ya mpito mmoja. Hatua ya mwisho ya makali hufanywa kwa kinoo na maji.

Buluu hufutika kwa msasa, lakini ugumu haurudi. Kisu kilichosuguliwa hivyo hung'aa sawa na kilicho kizima, na mnunuzi hana njia ya kukitambua hadi makali yalale baada ya siku chache za kazi. Dawa iliyopo pasipo tanuri ni kusaga ukingo ule taratibu hadi kuivuka sehemu iliyoungua, na kukubali kisu chembamba zaidi.