Dhiki, Nafsi na Marahaba: Kiebrania cha Kale katika Kinywa cha Mtu wa Kilwa (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kwamba Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu za jamii ya Kisemiti, na kwamba maneno mengi yaliyoingia katika Kiswahili kupitia Kiarabu yana jamaa zake katika Agano la Kale. Undugu huo haukisiwi kwa masikio, bali una kanuni zake. Mojawapo ni kwamba herufi ya Kiarabu iitwayo dhad, ambayo Waswahili huitamka dh, aghalabu hulingana na herufi ya Kiebrania iitwayo tsade: ardhi ni erets, radhi ni ratson, na kwa njia hiyo hiyo dhiki ni jamaa ya metsukah, neno linalorudiwa mara nne katika Zaburi ya 107, ambayo pia inawataja mabaharia waliopigwa na dhoruba. Si kila dh ina asili hiyo, kwani dhahabu, ambayo Kiebrania huiita zahav, ina herufi nyingine kabisa, na mwenye kuzichanganya hupotea mapema.

Maana ya awali ya mzizi wa dhiki si umaskini wala maradhi, bali ni wembamba, yaani hali ya kubanwa mahali pasipo pa kugeukia. Faraja nayo hutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupasua au kufungua mwanya. Kwa hiyo mzee wa Kilwa Masoko anaposema kwamba baada ya dhiki ni faraja, anasimulia safari ya mtu aliyepita penye wembamba akatokea penye uwazi, hata kama mwenyewe hakukusudia kusema hivyo. Picha hiyo hiyo imo katika Zaburi ya 118, ambamo mwimbaji anamwita Mungu kutoka metsar, mahali pembamba, na kujibiwa katika merhav, mahali papana. Mzizi wa merhav ni ule ule uliozaa marhaban ya Kiarabu, ambayo kwa asili humwambia mgeni kwamba amefika penye nafasi, na ndiyo marahaba ya Kiswahili. Mtoto wa Kilwa Kivinje apitaye mbele ya baraza akaamkia shikamoo hujibiwa kila asubuhi kwa neno la Zaburi, naye huyo anaendelea na safari yake ya dukani.

Neno lenye uzito zaidi ni nafsi. Kiebrania huiita nefesh, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba kabla ya kumaanisha uhai au roho, neno hilo lilimaanisha koo, mahali pumzi ipitapo. Zaburi ya 69 inapolalamika kwamba maji yamefika kwenye nefesh, inasema jambo ambalo mtu wa pwani hulisema bila kufundishwa: maji yamenifika shingoni. Hapo ndipo historia ya Kilwa inapolifafanua neno kuliko kamusi, kwa sababu Kilwa Kivinje ilikuwa katika karne ya 19 bandari kuu ya kusafirishia watumwa kwenda Unguja, na misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ilifika pwani na watu waliofungwa kongwa, yaani mti wenye panda uliobana shingo ya mateka, kabla ya kupakiwa majahazini wakiwa wamekunjwa magoti yakigusa kidevu. Dhiki ya watu hao haikuwa sitiari. Ilikuwa kooni.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alileta kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, likateremka Lindi na kutembea hadi Masasi, ambako lilianzisha kijiji na kulima. Msomaji wa Zaburi angependa kuiita Masasi merhav na kuishia hapo, lakini mwaka 1882 kijiji hicho kilivamiwa na Wangoni, baadhi ya watu wakauawa na wengine wakatekwa. Upana unaoahidiwa na mzizi wa neno haukuwa kinga dhidi ya wembamba mwingine.

Hii ndiyo sababu ya kuwa na hadhari na mizizi ya maneno. James Barr, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1961 kuhusu semantiki ya lugha ya Biblia, aliwakosoa wanateolojia waliodhani kwamba asili ya neno ndiyo maana yake ya daima, na ukosoaji wake haujapoteza nguvu. Mfano maarufu ni jina Mitsrayim, yaani Misri, ambalo wahubiri hupenda kulifasiri kuwa mahali pa dhiki kwa kuwa linasikika kama metsar. Kama mchezo wa maneno wa marabi, tafsiri hiyo ni nzuri na ina umri mkubwa; kama historia ya neno, haina ushahidi wa kuaminika. Mzizi humwonyesha msomaji jinsi wazee wa kale walivyoyahisi mateso mwilini, lakini hauthibitishi fundisho lolote, na anayetaka fundisho hana budi kuisoma zaburi nzima.

Sehemu ya tatu itachunguza sadaka, neno ambalo katika Kiebrania, kwa umbo la tsedakah, humaanisha kwanza haki.