Intaneti ya Bure Iliyokataliwa India

Februari 2015, Facebook na kampuni ya simu ya Reliance Communications zilizindua Internet.org nchini India. Mwenye laini ya Reliance aliweza kufungua kurasa kadhaa zilizoteuliwa, Facebook ikiwamo, bila kukatwa hata rupia moja. YouTube haikuwamo.

Afrika Mashariki ilikuwa imeshaionja: Tanzania kupitia Tigo, Oktoba 2014, na Kenya kupitia Airtel mwezi uliofuata. Lakini India ndiko ilikozua vita. Mamlaka ya mawasiliano ya huko, TRAI, ilipokusanya maoni Aprili 2015, ilimiminiwa barua pepe zaidi ya milioni moja za kutetea usawa wa mtandao.

Kanuni hiyo, iliyopewa jina na profesa wa sheria wa Marekani, Tim Wu, mwaka 2003, inataka kampuni ya simu isiibague tovuti yoyote kwa kasi wala kwa bei. Shirika la umeme hukuuzia uniti. Halikuulizi kama unapiga pasi au unasikiliza redio.

Mwanzilishi wa Facebook, Mark Zuckerberg, alijitetea katika gazeti la Times of India, Desemba 2015, akiifananisha Internet.org, wakati huo ikiitwa Free Basics, na maktaba za umma. Hoja yake ilikuwa na uzito: asiye na hela ya bando, afadhali apate kidogo kuliko akose kabisa.

Lakini hicho kidogo kinachaguliwa na nani? Kijana wa Bangalore aliyebuni programu yake angelazimika kutimiza masharti ya Facebook ndipo afikiwe bure. Video na simu za mtandaoni zilipigwa marufuku. Wateja wangezoea huduma za wakubwa kabla hawajamsikia yeye.

Tarehe 8 Februari 2016, TRAI ilipiga marufuku bei za kibaguzi kama ile ya Free Basics, faini ikiwa rupia 50,000 kwa siku. Septemba mwaka huohuo kampuni ya Jio iliingia sokoni ikigawa kwa miezi kadhaa data ya bure ya kwenda tovuti yoyote. Ushindani ukashusha bei, India ikawa miongoni mwa nchi zenye data nafuu zaidi duniani.

Marekani nayo imekuwa ikiyumba: kanuni za usawa wa mtandao ziliwekwa 2015, zikafutwa 2017, zikarudishwa 2024, kisha mahakama ikazitengua Januari 2025.

Nawe msomaji, kabla ya kununua bando la mitandao ya kijamii pekee, linganisha bei yake na bando la intaneti nzima, kisha uulize nani amekuchagulia.