Mboga za kuagizwa kwa simu: komande kwanza, kisu baadaye

Ndugu wanamemba wa koperativi, wengi wenu mumeniuliza: hii kazi ya kupelekea watu mboga kwao inalipa ao inakula pesa? Inalipa, lakini komande iingie kwanza, ndipo kisu kiingie shambani.

Hapa Fungurume familia nyingi zinaishi kwa saa ya mgodi. Mtu anatoka kazi ya usiku asubuhi, analala, na akiamka soko limebaki na majani yaliyonyauka. Pesa anayo, na bukari bila mboga haishuki. Huyo njo mteja wetu. Simu iko naye, na M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money pia.

Sasa hesabu. Tuseme fungu la lengalenga ni franka 500, na mwenye pikipiki anaomba 2.000 kwa safari. Mama mmoja akiagiza mafungu 4, pesa yote imekwenda kwa pikipiki! Lakini nyumba 10 za mtaa mmoja zikiagiza mafungu 4 kila moja, ni franka 20.000, na safari ni ile ile moja: kila nyumba inabeba franka 200 tu. Kwa hiyo musizunguke mlango kwa mlango. Chagueni kituo, kama kiduka cha mtu munayemwamini ao uwanja wa kanisa, wateja waje kuchukua wenyewe saa muliyopatana. Hata kule Nairobi, kampuni ya Twiga Foods ilipoanza mwaka 2014 na ndizi, ilipelekea wauzaji wadogo wa mitaani, haikuenda nyumba kwa nyumba.

Mimi mwenyewe nilikosea mwanzoni. Nilishauri kikundi kimoja kivune asubuhi, kisha kitafute wateja kwa simu. Saa tisa za mchana mifuko miwili ya matembele ilikuwa imechemka ndani, tukapa mbuzi. Wamama hawakusema neno, walinitazama tu.

Jani likikatwa linaendelea kupumua na kutoa joto; ukilibana kwenye mfuko wa plastiki, linajipika. Basi funga komande saa kumi na mbili za jioni. Kesho vuna mapema mbele jua halijapanda, weka kivulini, panga ndani ya kitunga, funika na kitambaa kilicholowa maji safi. Nyanya zichumwe zikianza tu kubadilika rangi, na zisafiri ndani ya sanduku la mbao, si ndani ya kiloba. Vitunguu na viazi vitamu vinavumilia. Hivyo vijaze nafasi inayobaki kwenye pikipiki.

Simu ya komande iwe ya koperativi. Ikiwa ya prezida, siku akienda matanga komande zote zinakwenda naye. Katika daftari andika jina, mtaa, vitu, bei, na kama amelipa. Nusu ya pesa itangulie kwa simu. Najua, kumwambia jirani alipe mbele kunaleta haya, lakini mboga aliyoikataa mteja saa nne haina mnunuzi mwingine saa nane. Na musitoe pesa ya simu kila siku, kwa sababu kila kutoa kuna makato; mlipeni mwenye pikipiki kwa simu vilevile.

Anzeni na kituo kimoja, mara mbili kwa juma. Wakati wa mvua, njia za mitaa zikiwa matope, semeni mapema kwamba saa inaweza kusogea; mteja anasamehe kuchelewa alikoambiwa.

Jambo la mwisho ni la shamba. Nyumba 20, mafungu 4, mara mbili kwa juma: ni mafungu 160. Lengalenga iko tayari baada ya majuma 3 ao 4, kwa hiyo mbegu iingie kila juma, tuta jipya, hata kama tuta la zamani bado linapendeza. Wenye kupanda yote siku moja watauza juma moja, kisha simu italia na hakuna cha kukata.