Gari Lisilotembea na Moto wa Jumamosi

Katika mitaa ya Makanyagio, hapa mjini Mpanda, imekuwa desturi kwamba gari la mtu aliyehamishwa kikazi, au aliyekwenda Dar es Salaam kwa matibabu, au aliye papa hapa lakini bodaboda humtosha juma zima, huwashwa asubuhi ya Jumamosi na mpwa au mlinzi aliyekabidhiwa ufunguo, likaachwa lingurume pale pale lilipo kwa robo saa, kisha likazimwa na kufunikwa turubai, na mwenyewe akapigiwa simu kuarifiwa kwamba gari limepashwa moto na li salama. Habari hiyo hupokewa kwa shukrani. Kwa rai yangu ni habari ya hasara, na aghalabu gari hilo lingepata heri zaidi kama ufunguo ungebaki umetundikwa msumarini.

Desturi yenyewe haikuzuka kwa upuuzi. Wazee walioendesha Land Rover za zamani, ambazo za kwanza zilitoka Uingereza mwaka 1948, walikuwa na kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa bila ya kutambua kwamba injini imelala baridi; dereva ndiye aliyevuta choki ili petroli izidi, akangoja mngurumo utulie, na aliyeondoka kwa pupa gari lilimzimikia njiani watu wakitazama. Lakini magari mengi ya petroli tunayoyaona leo hutumia nozeli, na sensa zake hupima joto la maji na la hewa, na kompyuta ya gari hukadiria petroli ipasayo tangu pigo la kwanza la starta. Gari la namna hiyo lataka nusu dakika tu, ili oili ipande kwenye sehemu za juu za injini, hata ikiwa ni ile nzito ya 20W-50, kisha liondoke kwa upole mpaka geji ya joto isimame mahali pake. Ujerumani, ambako theluji hulala juu ya magari, sheria ya barabarani inakataza kuacha injini ikinguruma bila ya haja. Seuze Mpanda, ambako hata usiku wa Julai mtu huridhika na blanketi moja.

Petroli ikiungua huzaa maji, na lita moja ya petroli huzaa maji yanayokaribia lita moja. Injini iliyoshika moto sawasawa huyatoa yakiwa mvuke; iliyo nusu baridi huyaacha yatuame ndani ya bomba la moshi, likaliwa na kutu kwa ndani, na mengine hupenya kando ya ringi za pistoni pamoja na petroli isiyoungua, yakaingia katika oili. Ili unyevu huo utoke, sharti oili yenyewe ipate moto wa karibu nyuzijoto 90 au zaidi na kukaa nao kitambo, na robo saa ya silensa haiifikishi huko, kwa maana maji ya rejeta hutangulia kupata moto na geji ikampumbaza mtazamaji, ilhali oili iliyo chini ingali vuguvugu. Fungua kifuniko cha kutilia oili cha gari lililotunzwa hivyo kwa miezi, na yamkini utakuta upande wake wa ndani umeshika utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa.

Utando huo umewatoa watu fedha nyingi bila ya sababu. Fundi huufuta kwa kidole, akamwonyesha mwenye gari na kusema, "Mzee, hapa gasketi ya silinda hedi imekwenda." Mzee asifungue mkoba kabla ya kutazama rejeta: ikiwa maji hayapungui, wala hayaelei mafuta, na oili ya kwenye kijiti cha kupimia ingali na rangi yake, basi aghalabu ni unyevu tu, na safari moja ya maana pamoja na oili mpya huumaliza.

Tena kuna jambo la themostati, kile kidude kinachoziba njia ya maji mpaka yafike nyuzijoto 80 na ushei. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hukiona hakina kazi katika nchi ya jua, wakaking'oa na kukitupa. Hoja yao ina sura ya hekima, walakini kidude hicho hakikuwekwa kwa ajili ya hali ya hewa, bali ili injini ifike upesi kwenye joto lake na kudumu humo. Kikiondolewa, rejeta hupoza maji tangu mwanzo, injini huchelewa mno kupata moto, na kompyuta, ikidhani ni asubuhi siku nzima, huzidisha petroli. Gari linalochemka lina rejeta iliyoziba au feni mbovu, na dawa yake iko huko.

Betri nayo haifaidiki. Kuwasha huila sana, na alteneta ikizunguka polepole hurudisha kidogo. Mpwa mwenye spana namba 10 akichomoa waya wa hasi ameihifadhi kuliko mwenye kuwasha kila juma. Na kama gari limo ndani ya banda lililofungwa, kuliwasha humo ni hatari ya mauti, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kwa hiyo mwenye gari achague. Akiwa hatarudi kwa miezi kadhaa, abadilishe oili, ajaze tenki na magurudumu, aachie hendibreki na kuweka mawe, achomoe betri, asiliguse tena, ila amwambie mlinzi atazame panya wasijenge humo. Akitaka litumike, litembee walau nusu saa kila baada ya juma mbili. Njia ya kwenda Sitalike, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ni takriban kilomita 35, na viboko wa mto Katuma ni malipo ya kutosha kwa dereva. Anayeogopa bei ya petroli, ambayo huku bara hulipiwa pia nauli ya kutoka Dar es Salaam, na ageuze nusu ya njia. Kizuizi kikubwa ni kwamba mpwa mwenye ufunguo mara nyingi hana leseni. Basi atafutwe dereva mwenye nayo, alipwe ujira wake, na akisimama huko aitume kwa simu picha ya geji ya joto pamoja na ya kilomita.