Vidonge vya ghalani ni hatari ndani ya nyumba

Katika nyumba za Doha ambamo wafanyakazi wahamiaji, wakiwemo wa kutoka Afrika Mashariki, hulala wengi chumba kimoja, kunguni ni kero isiyokwisha. Wapo wanaotafuta suluhisho la haraka katika vidonge vya kuhifadhi nafaka. Vidonge hivyo huua kunguni, lakini pia huua watu.

Mwezi Oktoba mwaka 2019, watoto wawili wa familia moja kutoka India walifariki dunia mjini Doha. Awali ilidhaniwa kwamba walikula chakula kibovu. Baadaye shaka ikaelekezwa kwenye dawa ya wadudu iliyotumika katika nyumba jirani. Kosa hilo la awali linaeleweka, kwani sumu hii huanza kwa kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo, kisha kifua kubana na moyo kulegea.

Vidonge vya aina hii, ambavyo wafanyabiashara wa mahindi Kenya na Tanzania wanavifahamu vyema, vina aluminiamu fosfidi. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, nayo ndiyo inayoua wadudu. Ghalani nafaka hufunikwa kwa turubai, na watu hukaa mbali kwa siku kadhaa. Jengo la ghorofa halina turubai. Gesi hupenya nyufa za ukuta, matundu ya mabomba na njia za hewa. Anayeweka vidonge chumbani, akafunga mlango na kwenda kulala kwa rafiki, amejiokoa peke yake; jirani yupo palepale, na huenda hana habari.

Harufu nayo si ya kutegemewa. Mara nyingi hufanana na ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini gesi inaweza kudhuru kabla ya pua kuitambua. Dawa ya kuizimua haipo. Madaktari husaidia tu moyo na mapafu yaendelee kufanya kazi.

Hatari nyingine ni maji, ambayo wengi huyakimbilia wanapotaka kuosha sumu. Mjini Amarillo, katika jimbo la Texas nchini Marekani, watoto wanne walikufa Januari 2017 baada ya mtu wa familia kumwagia maji dawa ya namna hiyo iliyowekwa chini ya nyumba. Maji yaliharakisha kutoka kwa gesi.

Kunguni wenyewe hawastahimili joto. Mashuka yakifuliwa kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, na magodoro yakipitishwa mvuke wa moto, hufa pamoja na mayai yao. Kazi inayohitaji sumu ni ya kampuni yenye kibali, na majirani wajulishwe mapema.

Anayeshuku gesi atoke nje mara moja, awatoe watoto na kuwaamsha majirani, bila kurudi ndani kutafuta vidonge. Nchini Qatar namba ya dharura ni 999. Daktari aambiwe waziwazi kuwa huenda ni dawa ya wadudu, hata kama mgonjwa anatapika tu.